Viungo Vinavyopinda Kupita Kiasi: Namna ya Kuvijua na Kuishi Navyo

Kila darasa huwa na mmoja. Anakunja kidole gumba mpaka kinalala juu ya kigasha, anageuza viwiko kama vimefungwa kinyume, wenzake wanapiga mayowe: "Huyu hana mifupa!" Darasani kwetu nilikuwa mimi. Miaka ishirini baadaye nilitegua bega nikivuta shuka usingizini, na safari hiyo aliyepiga mayowe nilikuwa mimi peke yangu.

Mimi si daktari. Haya nimejifunza kwa wataalamu walionitibu, kwa kusoma, na kwa kukosea. Nayapanga kwa hatua kwa sababu mwenye hali hii huchanganyikiwa hasa aanzie wapi.

Hatua ya kwanza: jua kilicholegea ni nini

Mifupa miwili inapokutana, hushikiliwa na kano, zile kamba ngumu zinazofunga mfupa kwenye mfupa, na pia misuli inayopita juu ya kiungo. Kano zimejengwa kwa kolajeni, protini ileile iliyomo kwenye ngozi, kwenye kuta za mishipa ya damu na kwenye utumbo. Kolajeni ikiwa laini kuliko kawaida, kano hunyumbuka mno, na kiungo hupitiliza pale ambapo cha mwenzako kingegota. Kazi ya breki inaiangukia misuli. Nayo hufanya kazi hiyo mchana kutwa bila likizo, kwa hiyo inachoka, inakaza na kuuma. Ndiyo maana mtu ambaye viungo vyake vinapinda kama mpira huenda kwa daktari akilalamika kwamba amekakamaa, na daktari asiyeijua hali hii hamwelewi.

Kulegea peke yake si ugonjwa. Wacheza sarakasi na wacheza dansi wengi wako hivyo na ndicho kinachowapa kazi. Watoto wamelegea kuliko watu wazima, wanawake kuliko wanaume, na umri unavyosonga viungo hukaza. Tatizo huanza viungo vinapouma, vinapoteguka, au uchovu unapozidi kazi uliyofanya.

Hatua ya pili: jipime

Kipimo kinachotumika sana ni cha Beighton, kilichochapishwa mwaka 1973 na Peter Beighton na wenzake baada ya kuchunguza viungo vya Watswana huko Afrika Kusini. Kina alama 9 na hakihitaji kifaa. Kifanye taratibu, bila kujilazimisha na bila kupasha mwili joto kwanza:

- Laza kiganja mezani, inua kidole kidogo cha mwisho kwa mkono mwingine kwenda nyuma. Kikifika nyuzi 90 au kupita, alama 1. Rudia mkono wa pili.
- Kunja kifundo cha mkono, sukuma kidole gumba kiguse kigasha. Alama 1 kila mkono.
- Nyoosha kiwiko. Kikipitiliza kinyume zaidi ya nyuzi 10, alama 1 kila upande.
- Nyoosha goti. Vilevile, zaidi ya nyuzi 10 kinyume, alama 1 kila mguu.
- Simama, inama bila kukunja magoti. Viganja vikilala sakafuni, alama 1.

Kwa vigezo vya kimataifa vya mwaka 2017, mtoto ambaye hajabalehe huhesabiwa kuwa na viungo legevu mwili mzima akipata 6 au zaidi. Aliyebalehe hadi umri wa miaka 50 anahitaji 5, na aliyevuka 50 anahitaji 4. Kama umekosa alama moja tu, historia hutazamwa: je, zamani uliweza kulaza viganja sakafuni? Utotoni uliwachekesha wenzako kwa kujikunjakunja? Bega au pia ya goti iliwahi kuteguka zaidi ya mara moja?

Usiing'ang'anie namba. Kipimo hiki hakigusi bega, nyonga, taya wala kifundo cha mguu, na huko ndiko wengi wetu tunakoumia. Kuna mwenye alama 9 asiyejua maumivu ya viungo ni nini, na mwenye 3 ambaye pia ya goti inahama akishuka ngazi.

Hatua ya tatu: elewa majina kabla hayajakutisha

Ukianza kutafuta utakutana na jina Ehlers-Danlos, yaani kundi la magonjwa ya kurithi yanayodhoofisha tishu zinazoshikilia mwili. Jina limetokana na madaktari wawili wa ngozi, Mdenmark Edvard Ehlers na Mfaransa Henri-Alexandre Danlos. Mpangilio wa mwaka 2017 uliainisha aina 13. Nyingi ni adimu na jeni zake zinajulikana. Iliyo ya kawaida kuliko zote ni ile ya viungo legevu, na hiyo jeni yake bado haijapatikana, kwa hiyo hakuna kipimo cha damu kitakachokujibu. Daktari huitambua kwa kukutazama, kukushika na kukuuliza habari za familia. Mwenye maumivu na viungo legevu ambaye hatimizi vigezo vyote huambiwa yuko kwenye wigo wa matatizo ya viungo legevu.

Ukiambiwa "wigo" usione kama umepewa cheo cha chini. Mateso yanaweza kuwa yaleyale, na matibabu ni yaleyale.

Ila kuna dalili ambazo hazitaki subira, kwa sababu zinaweza kuashiria aina nyingine ya Ehlers-Danlos, hasa ile inayodhoofisha mishipa ya damu, au ugonjwa wa Marfan, ambao hupanua mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo. Nazo ni: ndugu wa karibu aliyefariki ghafla akiwa kijana au aliyepasukiwa mshipa mkubwa, ngozi nyembamba mno inayoonyesha mishipa kifuani, makovu mapana kama karatasi ya sigara, lenzi ya jicho iliyohama, au umbo refu sana lenye mikono na vidole virefu kupita uwiano wa mwili. Hapo omba upimwe moyo na uonwe na mtaalamu wa jeni. Kiungo kilichovimba, chenye joto, kinachokakamaa zaidi ya saa nzima kila asubuhi nacho kinaelekea kwenye ugonjwa mwingine, yaani uvimbe wa viungo wa baridi yabisi. Kichunguzwe kivyake.

Hatua ya nne: nenda kwa daktari na ukurasa mmoja

Nilizunguka miaka sita nikiambiwa "vipimo viko sawa." Na kweli vilikuwa sawa. Eksirei huonyesha mfupa, tena ukiwa umetulia kimya. Haionyeshi kwamba bega hilohilo lilichomoka jana jikoni likarudi lenyewe. Kosa langu lilikuwa kwenda na lundo la malalamiko bila mpangilio: leo mgongo, mara nyingine tumbo, mwezi ujao taya. Kila safari nilionekana mtu mpya mwenye ugonjwa mpya.

Andika ukurasa mmoja, si daftari. Juu weka alama zako za Beighton. Chini yake orodhesha viungo vilivyowahi kuteguka, mara ngapi, na ukiwa unafanya nini. Kisha mambo ambayo hukudhani yanahusiana: ngiri, kuvilia damu ovyo, michirizi ya ngozi bila kunenepa, kizunguzungu ukisimama, tumbo lisilotulia, sindano ya ganzi ya daktari wa meno isiyoshika. Taja nani nyumbani yuko kama wewe. Malizia na shughuli mbili tatu ambazo huziwezi tena. Badala ya kusema "naumwa sana", sema "siwezi kuandika zaidi ya dakika kumi."

Hatua ya tano: jifunze upya maana ya kunyooka

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo tukae kidogo.

Simama ubavu mbele ya kioo, magoti wazi. Simama kama unavyosimama siku zote kwenye foleni. Huenda utaona miguu imejipinda kwenda nyuma kama upinde, uzito wote umeangukia visigino, tumbo limetangulia mbele. Sasa legeza magoti kidogo tu, kama mtu anayesubiri kurushiwa mpira, mpaka kioo kionyeshe nyonga, goti na kifundo cha mguu vimekaa kwenye mstari mmoja. Utajisikia umechuchumaa. Kioo kitakwambia umenyooka.

Siku nilipoliona hilo ndipo nilipoelewa ugonjwa wangu. Ubongo ulikuwa umezoea kuita kupitiliza "kunyooka". Kano hupeleka habari kwenye ubongo kuhusu kiungo kimefika wapi, na zilizolegea hupeleka habari hizo kwa kuchelewa au kwa makosa. Ndiyo maana tunajigonga kwenye fremu za milango, tunamwaga chai, tunajikwaa sakafu tupu, halafu tunaitwa wazembe. Kupinda sana kungevumilika kama tungejua tumepinda mpaka wapi.

Zoea basi kutafuta katikati, si mwisho. Magoti yasijifunge ukisimama. Viwiko visijifunge ukijiegemeza mezani au ukisukuma mlango. Ukipiga miayo, weka ngumi chini ya kidevu taya isifunguke kupita kiasi. Acha kukalia mguu na acha kuketi miguu imetupwa pande mbili nyuma yako, hata kama ndiyo mikao pekee unayoiona ya raha. Raha hiyo ni ya kuning'inia kwenye kano, na bili yake huja usiku. Ukilala ubavu, weka mto kati ya magoti, na usilale mkono umeinuliwa juu ya kichwa.

Mikono inataka ujanja wake. Kopo lenye kifuniko kigumu usilibane kwa ncha za vidole. Weka kopo juu ya kitambaa chenye unyevu lisiteleze, laza kiganja kizima juu ya kifuniko, funga kifundo cha mkono kisiyumbe, kisha zungusha kwa nguvu ya bega. Kalamu ivishe kitu inenepe. Simu ishike kwa mikono miwili, maana kidole gumba kinachopepea kwenye kioo cha simu saa tatu mfululizo ni kiungo kinachoteguliwa polepole.

Na ile michezo ya kuonyesha watu, iache. Najua inachekesha.

Hatua ya sita: imarisha, usinyooshe

Misuli yako inakaza kwa sababu inalinda kiungo. Ukiinyoosha kwa nguvu unaondoa mlinzi pekee aliyebaki. Kuvuta viungo mpaka mwisho wake hutuliza kwa dakika tano, kisha misuli hukaza zaidi. Unapobanwa, tumia joto, kukandwa kidogo, au kutembeza kiungo taratibu katikati ya uwezo wake.

Nguvu ijengwe na mtaalamu wa fiziotherapia kama unaweza kumpata, hasa anayeijua hali hii. Muulize mapema, maana asiyeijua atakupa mazoezi ya kujinyoosha. Kwa kuanzia, mazoezi ya kukaza bila kusogeza ni salama kwa wengi: sukuma ukuta kwa viganja viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo, shikilia kwa sekunde tano, pumzika, mara tano. Keti kwenye kiti, kaza msuli wa mbele wa paja bila kurusha mguu. Lala chali, kunja magoti, inua kiuno taratibu na ukishushe taratibu zaidi. Baadaye simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, goti limelegea kidogo, ili kuufundisha mwili kujua ulipo. Fanya mbele ya kioo wiki za mwanzo, kwa sababu hisia zako, kama tulivyoona, si shahidi wa kuaminika.

Kipimo changu cha kuongeza ni hiki: maumivu yaliyoletwa na zoezi yakiwa yamekwisha kesho yake, endelea. Yakivuka saa 24, nilizidisha, napunguza nusu. Hesabu kwa miezi, si kwa wiki. Wala usiogope uzito milele. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2022 ulifuatilia watu 100 wenye mabega legevu kwa wiki 16, na waliofanya mazoezi ya uzito mkubwa waliripoti nafuu zaidi kuliko waliofanya mepesi. Ila hao walianza wakisimamiwa. Usikimbilie chuma peke yako.

Hatua ya saba: siku njema ndiyo inayoponza

Siku mbaya utapumzika hata usipoambiwa. Hatari iko siku unayoamka mwepesi. Unaosha nguo zote, unahamisha kabati, unatembea hadi unachoka, halafu siku tatu zinazofuata uko kitandani. Ukiinuka, misuli imepungua, kwa hiyo safari ijayo unaanguka mapema zaidi.

Tafuta kiwango unachoweza hata siku ya wastani, ubaki hapo hata siku njema. Kama huumii ukisimama dakika kumi na tano, keti baada ya kumi. Kazi ya saa mbili ikate vipande vinne, na ubadilishe aina ya kazi kabla kiungo hakijakuomba. Ni jambo rahisi kuliandika. Mimi bado hunishinda mara mbili kwa mwezi.

Hatua ya nane: kiungo kikichomoka

Usikivute, wala usimruhusu shujaa yeyote akivute. Keti, kiegemeze kwa mto au kwa mkono mwingine, pumua taratibu, legeza misuli. Vingi vilivyoponyoka nusu hurudi vyenyewe misuli ikitulia. Nenda hospitali haraka kama ni mara ya kwanza kiungo hicho kuteguka, kama hakirudi, kama umbo limebadilika, au kama mkono au mguu umekufa ganzi, umepauka au umepoa. Vivyo hivyo kama mgongo unauma, unapata ganzi katikati ya mapaja na mkojo au choo vinakushinda. Hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo.

Baada ya hapo banzi au kitambaa cha kuning'iniza mkono hutumika siku chache tu kwa maelekezo. Kufunga kiungo majuma mengi huua misuli ambayo ndiyo tegemeo lako. Parasetamoli na dawa za kutuliza uvimbe husaidia kupita kipindi kikali. Dawa kali za jamii ya afyuni hazifai kwa maumivu ya miaka: hulevya, hufunga choo, na mwili huzizoea.

Hatua ya tisa: mengine yasiyo ya viungo

Wengi wetu moyo huenda mbio tukisimama. Unaweza kujipima: lala kwa dakika tano, hesabu mapigo, simama, hesabu tena mara kadhaa hadi dakika ya kumi. Yakipanda kwa 30 au zaidi kwa dakika na kubaki huko (40 kwa wenye miaka 12 hadi 19), na yakija na kizunguzungu au kuona giza, mweleze daktari. Uwe na mtu karibu unapojipima. Maji ya kutosha, soksi za kubana na kuinuka kitandani kwa awamu husaidia. Kuongeza chumvi kunasaidia baadhi, lakini mwenye presha au matatizo ya figo asiijaribu bila ushauri.

Tumbo kujaa gesi, usingizi usioburudisha na wasiwasi hutembea pamoja na hali hii mara nyingi. Mjamzito amwambie mkunga mapema, kwa kuwa homoni za ujauzito hulegeza viungo zaidi na nyonga ndizo huanza kulia. Anayeenda kufanyiwa upasuaji au kung'olewa jino aseme kabla ya sindano, si baada: ganzi inaweza isishike, shingo na taya zishikwe kwa uangalifu, na nyuzi za kushona zisitolewe mapema.

Hatua ya kumi: kama una mtoto aliye hivyo

Aina ya viungo legevu huelekea kurithiwa kwa uwezekano wa nusu kwa nusu kwa kila mtoto, ingawa mmoja anaweza kuteseka na mwingine asijue kama anayo. Usimkataze kucheza. Mtoto aliyefungiwa ndani hupoteza misuli, na kwetu sisi misuli ndiyo kila kitu. Mpe viatu vinavyoshika kisigino na kalamu nene, kisha ongea na mwalimu: mwandiko ukiharibika kufikia ukurasa wa pili si uvivu, ni vidole vimechoka, na mapumziko ya dakika chache yanasaidia kuliko adhabu. Maumivu ya miguu usiku msipuuze kwa kusema anakua. Kandeni, mwekeeni joto, na asubuhi mwulize alicheza nini jana. Na wenzake wakimzunguka wakimwomba awaonyeshe kidole kinavyopinda, mfundishe kusema, "Leo kimelala."